Bega la nguruwe kwa makaa na siki, mapishi ya mashariki mwa North Carolina

Mmarekani wa Kusini akikwambia anapenda nyama ya kubanikwa, muulize kwanza kwao ni wapi. Wa Texas atakuwekea ng'ombe mezani. Wa Memphis atakuletea mbavu za nguruwe. Wa katikati ya South Carolina atapaka sosi ya njano ya haradali. Mashariki mwa North Carolina, kutoka Raleigh kuteremka hadi baharini, hakuna mjadala: ni nguruwe, ni makaa ya kuni, na sosi ni siki, pilipili na chumvi. Nyanya haiingii. Ukielekea magharibi hadi Lexington utakuta wanabanika mabega peke yake na kutia kechapu kidogo kwenye siki, na kati ya pande hizo mbili kuna ubishi wa miaka mingi ambao mimi, kama mkwe, siuingilii hadharani. Jikoni kwangu kechapu haikaribii nyama.

Nimeolewa kwenye familia ya wakulima Weusi kati ya Goldsboro na Kinston, watu wa tumbaku, viazi vitamu na nguruwe. Mapishi haya nimeyapata kwa mama mkwe, ambaye hapimi kitu, na kwa baba mkwe, ambaye akiwa karibu na moto hapendi maneno. Vipimo ni vyangu: mama akichota chumvi kwa kiganja, mimi naikinga kwanza kwenye mzani, ndipo iende kwenye nyama. Alinicheka sana, kisha akazoea.

Kwao kwenye sherehe anabanikwa nguruwe mzima, aliyepasuliwa katikati na kutandazwa. Hapa nakupa njia ya bega moja la kilo nne hivi lenye mfupa, linalotosha watu kumi wenye njaa. Viungo vyake ni vichache mno, usidhani nimeficha kitu. Ladha inatoka kwenye moto mdogo unaolindwa kutwa nzima, na kwa sababu hiyo sehemu ya moto hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Kwa msomaji asiyekula nguruwe: moto huu na siki hii vinafaa vilevile kwa bega la mbuzi aliyenona au bata mzinga. Si jambo geni hata huko. Kwenye meza nyingi za Waamerika Weusi utakuta bata mzinga amekatwakatwa na kukolezwa kwa sosi hii hii ya siki.

Mahitaji

- Bega la nguruwe lenye mfupa, kilo 4, likiwa na ngozi kama inapatikana
- Chumvi laini, vijiko 2 vya chai kwa kila kilo ya nyama
- Siki ya tufaha, nusu lita na ziada ya kunyunyizia
- Pilipili kavu iliyopondwa na mbegu zake, kijiko 1 kikubwa
- Sukari ya kahawia, kijiko 1 kikubwa
- Pilipili manga ya kusaga, kijiko 1 cha chai
- Mkaa wa mti mgumu, nusu gunia, na vipande vichache vya kuni kavu

Kumpata bega

Kwenye maduka ya Marekani sehemu ya juu ya mkono wa mbele huuzwa kwa jina la Boston butt, jina linalowachanganya wageni wakadhani ni paja la nyuma. Ndiyo hiyo unayoitaka. Ina mafuta yaliyopenya katikati ya misuli na utando mwingi, na utando huo ukipikwa polepole unayeyuka na kuilainisha nyama. Paja la nyuma ni kavu, halivumilii saa kumi za moto.

Ukiwa Dar, Arusha au Nairobi, kazi ni kumwahi muuzaji. Bucha nyingi za kitimoto zinakata vipande vidogo vya kukaanga tangu asubuhi, na akishashika shoka, bega zima hulipati tena. Mwambie siku moja kabla: mkono wa mbele, sehemu ya juu, na mfupa wake, ngozi asiitoe. Angalia mhuri wa mkaguzi wa nyama. Angalia pia nyama yenyewe mahali ilipokatwa. Ukiona vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele ndani ya misuli, hao ni viluwiluwi vya tegu, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Joto tutakalofikia hapa linaua kila aina ya mnyoo, lakini nyama ya namna hiyo haikupaswa kutoka machinjioni.

Tafuta iliyonona. Hili baba mkwe analisisitiza mpaka linachosha. Nguruwe wao walikuwa wa kufunguliwa: baada ya kuvuna karanga na viazi vitamu, walipelekwa shambani waokote yaliyobaki ardhini, wakanenepa bila mtu kuwanunulia chakula. Leo wilaya za Sampson na Duplin, si mbali na kwao, ni miongoni mwa zenye nguruwe wengi kuliko zote Marekani, lakini wanakulia ndani ya mabanda marefu yaliyofungwa, na ni wa mbegu iliyochaguliwa kwa wembamba kwa sababu wanunuzi waliogopa mafuta. Nyama yao inakauka upesi. Ukikuta bega lenye tabaka la mafuta la unene wa kidole, lipia tu.

Chumvi, usiku wa kuamkia

Paka chumvi pande zote, na pale mfupa unapochungulia ingiza na kidole. Usitie kitu kingine. Weka kwenye sinia, usifunike, liache kwenye friji mpaka asubuhi. Chumvi itatoa maji juu ya nyama, kisha maji hayo yatarudi ndani yakiwa na chumvi, na uso wa nyama utakauka. Uso mkavu unashika rangi na moshi vizuri kuliko uliolowa.

Kwa watu wa huko, chumvi na nguruwe ni habari ya majira ya baridi. Nyuma ya nyumba ya wakwe zangu bado kipo kibanda cha moshi, cha mbao, hakina dirisha, na ukiingia leo, miaka mingi baada ya nyama ya mwisho kuning'inizwa, mbao zake zinanuka moshi na chumvi. Zamani walisubiri baridi ya kweli, kati ya Novemba na Januari, siku ambazo nyama ingepoa yenyewe usiku bila kuharibika, maana friji hazikuwepo. Majirani walikuja kabla ya jua. Maji yalichemshwa, lakini hayakutumika yakiwa yanatokota: yakiwa moto kupita kiasi manyoya yanashika badala ya kung'oka, kwa hiyo mzee mmoja mwenye uzoefu alichovya kidole haraka mara tatu, na kama hakuweza ya tatu, waliyaacha yapoe kidogo. Nguruwe alichovywa, akakwanguliwa, akaning'inizwa kwa miguu ya nyuma.

Mama mkwe anasimulia upande wa wanawake. Wao walikuwa na sufuria kubwa la chuma uani, la kuyeyushia mafuta, na mtu alilikoroga bila kuondoka ili yasiungue, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa mafuta ya kupikia ya mwaka mzima. Walisafisha utumbo, kazi anayosema hatairudia hata kwa malipo. Walisaga soseji kwa pilipili nyekundu na majani ya seji, wakakaanga kipande kidogo kwanza, watu watatu wakaonja na kubishana, ndipo zikajazwa zote. Watoto walipewa kibofu, wakakipuliza na kukichezea mpira. Mapaja na mabega yalifukiwa kwenye chumvi kwa wiki kadhaa, kisha yakaoshwa na kupandishwa kwenye moshi. Na kila jirani aliondoka na fungu lake, kwa sababu wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake kuchinja, na fungu hilo lilirudi.

Sosi, pia usiku wa kuamkia

Chukua chupa safi. Tia siki nusu lita, pilipili iliyopondwa, sukari, pilipili manga na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Funga, tikisa mpaka chumvi na sukari viyeyuke, iache juu ya kabati. Haichemshwi. Kesho yake itakuwa imeshaiva, na baada ya wiki ni tamu zaidi, kwa hiyo wengine wana chupa isiyokwisha, wanaongezea tu.

Kama siki ya tufaha ni ghali ulipo, tumia siki nyeupe ya dukani, ila punguza ukali wake kwa maji, sehemu moja ya maji kwa tatu za siki, na ongeza sukari kidogo. Ndimu haifai. Ni nzuri kwenye nyama choma yetu ya haraka, lakini kwenye hii inapotea.

Ukionja sosi peke yake utakunja uso. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Itakutana na mafuta mengi.

Moto

Tuanze na wanavyofanya wao. Kuni za mwaloni au hikori zinachomwa pembeni, ndani ya pipa lililotobolewa chini na kupitishiwa nondo. Kuni zikiungua, makaa yanapita kati ya nondo na kuanguka chini. Mtu anayachota kwa koleo na kuyanyunyiza ndani ya shimo, chini ya nguruwe. Kwa hiyo kinachomgusa nguruwe ni joto la makaa tu, ndimi za moto hazimfikii. Mafuta yanadondoka kwenye makaa, yanafuka, na moshi huo wa mafuta ndio unaoipa nyama ya huko ladha ambayo oveni haiwezi kuiga. Pale Ayden, Skylight Inn, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1947 na Pete Jones, bado wanabanika nguruwe mzima kwa kuni.

Walijifunzia wapi kukesha na moto mdogo? Baba mkwe anasema ni kwenye tumbaku, na mimi namwamini. Msomaji wa Tabora au Urambo ataelewa mara moja: tumbaku ya huko ni ya mvuke, ileile inayokaushwa kwenye mabani kwetu. Enzi za kuni, bani moja lilitaka siku tano hadi saba za joto linalopandishwa kidogo kidogo, usiku na mchana. Ukilipandisha haraka, jani linaharibika rangi na mnada unakupita. Vijana walilala chini ya paa la bani wakiamka kuongeza kuni. Mtu aliyekulia hivyo akipewa nguruwe na shimo hashangai, anavuta kiti tu. Na tumbaku ikishauzwa, nguruwe wa kushukuru alibanikwa hapohapo shambani.

Mikono iliyosimama kwenye mashimo hayo kwa karne nyingi ilikuwa hasa ya watu Weusi, kwanza wakiwa watumwa, baadaye kama vibarua au wenye biashara zao. Sifa ziliwafikia kwa kuchelewa. Rodney Scott wa South Carolina, mbanikaji wa nguruwe mzima, alipata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa ukanda wake mwaka 2018. Mashamba nayo yamepungua. Sensa ya kilimo ya Marekani ya 1920 ilihesabu wakulima Weusi karibu 926,000. Ile ya 2022 haikufikisha 50,000. Ardhi ya wakwe zangu bado ni yao, lakini anayeilima ni jirani aliyeikodi, na nguruwe wa sikukuu ananunuliwa.

Sasa moto wako. Pipa lililopasuliwa katikati, lile la wachoma nyama, linafaa sana, mradi lilibeba mafuta ya kula na si kemikali. Kama ni jipya kwako, choma moto mkali ndani yake mara moja kabla ya kuweka chakula. Unahitaji kifuniko. Nusu ya pili ya pipa ni bora. Bati la kuezekea lenye zinki nalikataa: likipata moto mkali linatoa moshi wenye sumu.

Washa mkaa kwenye jiko jingine la pembeni, usiwashe ndani ya pipa. Mkaa unaowaka upya unatoa moshi mchungu, na moshi huo ukiigusa nyama mapema huutoi tena. Subiri mpaka makaa yavae majivu meupe. Ndipo uyachote, uyapange kwa wingi kwenye ncha mbili za pipa, na katikati, chini ya nyama, utawanye machache tu, kiasi cha mafuta kuwa na mahali pa kudondokea na kufuka. Juu ya makaa ya pembeni weka kipande cha kuni kavu cha ukubwa wa ngumi. Kwetu mpera na mwembe vinatoa moshi mtamu. Msonobari na mkaratusi acha kabisa, utakula dawa ya kifua. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, na mti usioujua, vivyo hivyo.

Joto unalotaka ndani, kifuniko kikiwa kimefungwa, ni kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, weka kiganja usawa wa wavu. Uweze kuhesabu taratibu hadi nane au kumi kabla ya kukitoa. Ukitoa mkono kwenye tatu, huo ni moto wa mishikaki.

Kubanika

Toa nyama kwenye friji saa moja kabla. Iweke juu ya wavu upande wa nyama ukitazama makaa na ngozi ikitazama juu. Funika. Kila baada ya dakika 30 hadi 45 ongeza koleo dogo la makaa yaliyokwisha kuwaka, nusu upande huu na nusu ule. Mkaa mweusi usiutie. Jiko la pembeni lisizimike kamwe, hilo ndilo benki yako.

Saa tatu za kwanza usifunue bila sababu. Kila ukiinua kifuniko joto linatoka na muda unaongezeka. Mafuta yakishika moto, usimwage maji juu ya nyama na kurusha majivu. Sogeza nyama pembeni, funika, bana mlango wa hewa, moto utakufa wenyewe. Baada ya saa hizo tatu, karibu kila saa, nyunyizia siki yenye chumvi kidogo. Ikifika nusu ya safari, yaani saa ya tano au ya sita, geuza: ngozi sasa iangalie makaa.

Utafika wakati nyama itagoma. Kipimajoto kilikuwa kinapanda vizuri, kikifika kama nyuzi 68 kinasimama, na kinaweza kusimama saa mbili, tatu, hata zaidi. Wageni wengi wa mapishi haya hapo ndipo wanapomwaga mkaa. Usifanye hivyo. Nyama inatoa jasho, na maji yanayokauka juu yake yanaipoza kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha. Unyevu wa juu ukipungua joto litapanda tena. Mama mkwe akiulizwa na watoto wakati huo kama chakula kimeiva, jibu lake ni moja: "Mwanangu, nenda kamenye kabichi."

Kama wageni wako njiani kweli, ifunge kwa foili mbili nene, jasho halitakauka na muda utapungua. Gharama yake ni kwamba ganda la nje, lile jeusi lenye ladha kuliko sehemu zote, linalainika. Mimi nikiwa nyumbani Tanzania natumia majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. Yanapumua kidogo, ganda halilowi sana, na harufu yake inaendana na moshi. Wakwe nimewaonyesha picha. Hawakusema kitu.

Kwa kilo nne tegemea saa tisa hadi kumi na mbili. Usipike kwa saa ya ukutani, pika kwa kipimo hiki: ndani, mbali na mfupa, iwe nyuzi 92 hadi 96, na mfupa wa bega ukiushika kwa kitambaa na kuuzungusha utoke bila kuvuta. Kwa usalama peke yake, nyuzi 63 na dakika tatu za kupumzika zinatosha kwa kipande kizima, lakini kwa joto hilo bega bado ni gumu kutafuna. Ni kuanzia sabini na kitu kuendelea, kwa muda mrefu, utando unapogeuka ute laini.

Toa nyama. Ngozi, kama imebaki laini, ikate yote na uirudishe peke yake juu ya makaa makali dakika chache, ukiigeuzageuza, mpaka ivimbe na kuvunjika ukiigonga. Simama hapohapo, inaungua kufumba na kufumbua. Bega lenyewe lifunike kwa ulegevu, lipumzike saa moja. Lina moto wa kutosha, halitapoa.

Kukatakata na kukoleza

Sehemu nyingine wanachambua nyama kwa mikono ibaki nyuzi ndefu. Mashariki mwa North Carolina wanaikata. Weka nyama juu ya gogo au ubao mnene, ondoa mfupa na mabonge makubwa ya mafuta, shika visu viwili vizito, au mapanga mawili safi, na ukate kwa zamu za mkono huu na huu mpaka iwe vipande vidogo visivyolingana. Ponda ile ngozi kavu uichanganye ndani. Hapo katikati ya ulaini unakutana na kipande kinachovunjika mdomoni. Asiyetia ngozi amefanya kazi yote na kuacha zawadi mezani.

Tikisa chupa ya sosi. Anza na nusu kikombe kwa kila kilo ya nyama iliyokatwa, changanya kwa mikono, onja. Ongeza chumvi kwanza, kisha siki. Ladha ikiwa sawa hutaisikia siki kama siki. Utasikia kwamba mafuta hayakukinaishi. Chupa nayo iwekwe mezani, kila mtu ajiongezee.

Kutoka kilo nne utapata kama kilo mbili za nyama ya kula. Mengine ni mfupa, mafuta na maji yaliyokwenda na moshi. Waambie wanaochanga fedha mapema, usije ukaulizwa.

Kwa mwenye oveni tu

Chumvi ni ileile. Oveni nyuzi 130, nyama juu ya wavu ndani ya trei, maji kikombe kimoja chini, isifunikwe. Saa saba hadi nane, mpaka mfupa uzunguke. Mwishoni pandisha hadi 230 kwa dakika ishirini kwa ajili ya ngozi. Ni chakula kizuri, lakini moshi wa mafuta hautaupata. Njia ya kati ambayo mimi naipenda siku za kazi: saa tatu za kwanza kwenye makaa, ambapo nyama inashika moshi zaidi, kisha oveni imalizie nikiwa nafanya mengine.

Mezani

Kabichi mbichi iliyokatwa ndogo sana, na mayonezi, siki, sukari kidogo na kijiko cha haradali. Mkate wa mahindi: wa huko ni mwembamba na mzito, unaokwa kwenye sinia lililopakwa mafuta ya nguruwe yenyewe, wala hauna utamu wa keki. Viazi vya kuchemsha. Ugali pia unakubali, sosi ya siki inauingia vizuri kuliko unavyofikiri.

Halafu sukuma wiki. Majani yanayopikwa Kusini ni ndugu wa karibu kabisa wa sukuma yetu, ila wao hawayakaangi dakika tano. Wanachemsha kwanza mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, saa moja, kisha wanatia majani na kuyaacha yaive taratibu saa nyingine mpaka yalainike kabisa. Mwanzoni niliona ni kuyaonea. Supu inayobaki chini ya sufuria ndiyo iliyonibadilisha mawazo, na mkate wa mahindi kazi yake mojawapo ni kuifuta.

Ikibaki

Iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, itakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza, ikiwa imefungwa na sosi kidogo, inavumilia miezi miwili au mitatu. Kuipasha moto: sufuria yenye mfuniko, maji vijiko viwili, siki kijiko kimoja, moto mdogo. Usiikaange bila maji, itakuwa nyuzi.

Mfupa usitupe. Uchemshe na kunde, kitunguu na pilipili moja nzima kwa saa moja na nusu, chumvi utie mwisho kwa sababu mfupa una yake. Wakwe zangu hula kunde hizo tarehe 1 Januari pamoja na sukuma, na mama hataki kusikia kwamba umekula kitu kingine siku hiyo.